Nyiragongo ipewe njia yake ya intaneti

Toka Oktoba 2020 hadi Aprili 2021, kwa karibu miezi saba, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, ambacho wote tunakiita OVG, kilikosa intaneti ya kupokea data kutoka vyombo vilivyowekwa milimani. Mradi uliokuwa ukifadhiliwa na Benki ya Dunia ulikuwa umeisha, na pesa za kulipa fakture hazikuwepo. Intaneti ilirudi mwezi wa nne. Tarehe 22 mwezi wa tano, Jumamosi magharibi, Nyiragongo ikapasuka.

Hadithi hii imesimuliwa sana, na kila mara inasimuliwa kama aibu: wachunguzi wa moja ya volkano hatari zaidi duniani walikosa megas. Aibu ni ya kweli. Lakini tulipomaliza kuona haya tukaenda zetu, na swali lenyewe likabaki pale pale. Kwa nini uchunguzi wa mlima unaokaa juu ya kichwa cha mji mzima ulikuwa unategemea fakture ya kila mwezi, sawasawa na nyumba ya kutoa fotokopi ya Birere? Aliyekosa pesa mwezi ule anajulikana. Aliyepanga mambo yawe hivyo hajaulizwa mpaka leo.

Ninachotetea hapa ni hiki: OVG, pamoja na maabara na vituo vingine vya utafiti vya mashariki mwa nchi, viwekewe akiba ya nafasi katika mtandao. Iwe kwa mkataba, kwa kipimo kinachojulikana, nafasi ambayo haipunguzwi wakati mtandao umejaa, wala haikatwi kwa sababu mfadhili amechelewa. Nchi zingine zimeifanyia sayansi yao hivyo kwa miaka mingi, na hazikungoja ziwe na volkano mlangoni.

Kwanza niondoe kosa moja. Mitaani Goma bado unasikia mtu akisema kwamba kama intaneti ingekuwepo, wangetuonya mapema. Wanasayansi wa Kongo na wenzao wa nje walioichunguza milipuko ile walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature mwaka wa 2022, na walichoona hakifurahishi: safari hii mlima haukutoa ishara za kawaida za siku au wiki kabla. Ishara za wazi zilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Hata intaneti ya nguvu namna gani isingetupa siku mbili za kufunga mizigo. Ninasema haya kwa sababu anayetetea jambo zuri kwa sababu ya uongo atashindwa siku uongo ukijulikana.

Thamani ya data ilionekana baadaye, lava ilipokuwa imekwisha kusimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikuwa wamekufa, barabara ya Rutshuru ilikuwa imekatwa, na kila mtu alidhani mabaya yamepita. Kumbe matetemeko ndiyo yalikuwa yanaanza kwa nguvu. Nyumba zilipasuka, ardhi ikafunguka katikati ya mji. Chini ya miguu yetu magma ilikuwa inasafiri kutoka mlimani kuelekea kusini, ikipita chini ya Goma na Gisenyi mpaka chini ya ziwa. Na Ziwa Kivu si ziwa la kuchezea: ndani ya maji yake ya chini kabisa mna karibu kilometa za ujazo 300 za gesi ya kaboni na karibu 60 za metani. Magma ikitokea mjini, au ikitokea chini ya ziwa, ni misiba miwili tofauti.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa tano, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru watu watoke katika kata 10 kati ya 18 za mji. Watu mia ya maelfu wakaenda Sake, Rutshuru, Gisenyi, Bukavu, wengine kwa miguu na watoto mgongoni. Uamuzi ule ulisimama juu ya nini? Juu ya vituo vya kupima matetemeko, juu ya vyombo vya GPS vinavyoona ardhi ikisogea kwa sentimeta, na juu ya picha za rada za setilaiti. Vyombo vya OVG vilikuwa vimerudi kuonekana kwa muda wa mwezi mmoja tu. Kama mlima ungepasuka mwezi wa tatu, gavana angeamua kuhamisha mji, au kuuacha, kwa kutazama nini?

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame. Siku zile, wakati wataalamu walihitaji data kuliko siku nyingine yoyote, kila mkaaji wa Goma alikuwa kwenye simu. Video za lava, sauti za WhatsApp, mama anayetafuta mtoto aliyempoteza njiani Sake, ndugu wa Kinshasa na wa Ulaya wanaopiga bila kuacha. Wote walikuwa na haki. Lakini katika intaneti ya kawaida, pakiti ya data inayosema magma imefika wapi inapanga foleni nyuma ya video ya kijana anayecheka mbele ya lava, na mtandao haujui tofauti. Intaneti ya kawaida haimwahidi mtu kitu. Inabeba inachoweza, na ikijaa inaangusha kilichozidi.

Data za namna gani hizi, na ni nyingi kiasi gani? Zipo za aina mbili, na kila moja inataka matunzo yake.

Ya kwanza ni mapigo ya mlima, yale ya kila sekunde. Kituo cha kupima matetemeko husikiliza pande tatu, kwa kawaida mara 100 kwa sekunde kila upande. Ukipiga hesabu, data zake hazifiki hata kilobiti 10 kwa sekunde. Weka vituo 20: ni chini ya kilobiti 200 kwa sekunde. Simu ya kijana mmoja anayetazama mpira inakula zaidi ya hiyo. Yaani kitu kilichokosekana miezi saba, kwa upande wa matetemeko, kilikuwa ni nafasi ambayo kampuni ya simu isingeona hata imetoka mfukoni. Data hizi hazihitaji upana. Zinahitaji kutokatika.

Aina ya pili ndiyo nzito. Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-1 hupita juu yetu na kurudi mahali pale pale kila baada ya siku 12. Picha zake za rada zinatolewa bure kwa yeyote duniani. Picha moja ghafi inaweza kufika gigabaiti 8 ikifunguliwa, na ili kuona ardhi imesogea wapi unahitaji mbili, ya kabla na ya baada. Kwa intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde, ambayo wengi hapa tungeshukuru kuipata, picha moja inachukua karibu saa 9. Mbili, saa 18, na hapo umeomba umeme usikatike. Kwa njia ya megabiti 50 iliyowekwa akiba, mbili zinafika kwa robo tatu ya saa. Kati ya saa 18 na robo tatu ya saa, watu wa Majengo wanaweza kuwa wamekwisha kufika Sake au bado wamelala.

Kuna mtu atasema: basi OVG inunue megas nyingi. Hili ndilo jibu la kila siku, na ndilo linalotupoteza. Ukinunua megas nyingi katika njia ambayo wote wanapita, umenunua haki ya kusongamana na wengine. Tena faili kubwa linaumia zaidi kuliko ujumbe mdogo. Kompyuta inayotuma hulikata faili katika pakiti ndogo ndogo. Pakiti zikianguka njiani kwa sababu ya msongamano, inapunguza mwendo ghafla, kisha inaongeza tena polepole. Na kadiri mwisho wa safari ulivyo mbali, ndivyo inavyochelewa kurudia mwendo wake. Kati ya Goma na Ulaya, pakiti chache zinazopotea zinatosha kufanya njia pana itambae. Ndiyo maana unaweza kuwa umelipia intaneti ya bei kali na faili likafika nusu kisha likasimama.

Wenzetu walilitatua vipi? Mfano ninaoupenda ni wa Marekani. Wizara yao ya Nishati ina mtandao unaoitwa ESnet unaounganisha maabara zake kubwa. Miaka karibu ishirini iliyopita walianza kutengeneza juu yake mfumo uitwao OSCARS. Mtafiti anauambia mambo manne: data zinatoka wapi, zinakwenda wapi, anahitaji upana gani, na toka saa ngapi mpaka saa ngapi. Mfumo unapita kila kipande cha njia na kuuliza kama nafasi ipo saa hizo. Kipande kimoja kikikosa nafasi, unakataa hapo hapo, ili asidanganyike. Vyote vikikubali, anapewa njia yake, na kwa muda ule mitambo inaweka pakiti zake katika foleni ya peke yake. Saa zikiisha, njia inarudi kwa wote. CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilikwenda mbali zaidi: ina mtandao wake wa fibra unaopeleka data za mtambo wake mkubwa kwa vituo vikubwa vya Ulaya, Amerika na Asia, bila kuchanganyika na intaneti yetu ya kila mtu.

Kwa msafiri wa Goma–Bukavu hili si geni. Unaweza kwenda bandarini asubuhi na kujaribu bahati yako kati ya watu na magunia, au unaweza kukata tikiti jana yake ukajua boti gani na saa ngapi. Maji ni yale yale. Kinachobadilika ni kwamba mtu mmoja amekuahidi kitu, na ahadi ina karatasi.

Hata walio matajiri huwa wanakwama. Mwaka wa 2017 darubini za nchi mbalimbali ziliungana kupiga picha ya shimo jeusi angani. Data zilikuwa karibu petabaiti 5, nyingi kuliko uwezo wa intaneti, hivyo zilisafirishwa kwa ndege zikiwa katika diski. Za Ncha ya Kusini zilingoja miezi mpaka baridi ipungue na ndege ziruke tena. Picha ilitoka mwaka wa 2019, na shimo jeusi halikwenda popote. Sisi pia tunaijua njia hiyo: flashi mfukoni mwa mtu anayesafiri. Lakini uwanja wa ndege wa Goma umefungwa toka Januari 2025, na mlima wetu hauna subira ya shimo jeusi.

Sizungumzi volkano peke yake. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilikaa Kivu ya Kaskazini na Ituri mpaka Juni 2020, na ikaua watu 2,287. Katika mlipuko ule, wataalamu wa INRB walisoma jenomu za virusi hapa hapa nchini, mpaka Katwa, ili wajue mgonjwa mpya ameambukizwa kutoka mnyororo upi. Mwaka wa 2023 ikaja mpox ya Kamituga. Kwa kusoma jenomu ilijulikana kwamba ni tawi jipya, likaitwa Ib, ambalo lilikuwa linapita kutoka mtu kwa mtu. Mashine inayosoma jenomu inaweza kutoa makumi ya gigabaiti kwa kazi moja. Data hizo zinatakiwa kulinganishwa na za wengine duniani, na kila siku ya kungoja ni siku ambayo wanaofuatilia wagonjwa wanakwenda nyumba isiyo yake.

Na hapa kuna jambo ambalo halikusemwa vya kutosha. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Beni na Butembo zilikuwa katikati ya Ebola. Kwa hiyo ninaposema nafasi iwekwe akiba, ninamaanisha iwe pia nje ya mkono wa yule anayezima mtandao kwa sababu za siasa. Njia ya data za sayansi haipitishi Facebook, haipitishi matokeo ya ofisi za uchaguzi. Inatoka kompyuta inayojulikana kwenda kompyuta inayojulikana. Hakuna sababu ya usalama inayoweza kueleza kwa nini nayo izimwe.

Tuje kwenye pingamizi, maana najua zitakuja, na baadhi zina uzito.

La kwanza litatoka kwa mkaaji wa kawaida: megas ni ghali, mtandao ni mbovu, na wewe unataka kukata kipande cha mtandao uwape wanasayansi? Ninamwelewa. Lakini nafasi ya akiba haifungwi kwa kufuli. Mitambo ya leo inaweza kupangwa hivi: data za OVG zikiwepo, zinapita kwanza, zisipokuwepo, nafasi ile inatumiwa na wote. Na kwa matetemeko tumeona hesabu: kilobiti 200. Hakuna mtu wa Himbi atakayekosa video kwa sababu ya kilobiti 200. Kwa faili kubwa, setilaiti hupita kwa ratiba inayojulikana, basi mtu anaweza kuomba njia saa nane za usiku wakati mji umelala. Siku ya hatari tu ndiyo ataomba mchana, na siku hiyo hata mkaaji wa Himbi atataka apewe.

Nani alipe? Nasema mapema: isiwe kodi mpya kwenye simu. Tulilipa RAM, unite zikaondolewa kwenye simu zetu mpaka ikafutwa mwaka wa 2022, na hasira yake bado ipo. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 imeweka mfuko wa huduma kwa wote. Kama mfuko huo una kazi, hii ni mojawapo, na ni ndogo kuliko minara. Njia nyingine haitaki hata pesa: kampuni inapopewa au kurudishiwa leseni ya kufanya kazi mashariki, kati ya masharti yake liwemo la kutenga nafasi kwa vituo vya uchunguzi. Kampuni zinatoa vitabu na mipira kwa mashule na kupiga picha. Hii haitapendeza kwenye picha, lakini inafaa zaidi.

La pili: Starlink imefika. Kweli, ARPTC iliipa leseni mwaka wa 2025 baada ya kuikataza mwaka uliotangulia, na kila kituo kingefanya vizuri kuwa nayo kama njia ya pili. Lakini njia ya setilaiti nayo inagawanywa kati ya wote walio eneo moja, na siku mji mzima utakapokuwa juu yake tutarudi foleni ile ile, safari hii angani. Tena inalipwa kwa mwezi. Ugonjwa wetu wa 2020 ulikuwa huo huo.

La tatu linanipa taabu zaidi, nalo ni vita. Toka mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na Bukavu toka Februari mwaka ule. Mabenki yalifungwa, umeme na maji vilikatika siku za mapigano. Katika hali hiyo nani anamwamuru nani? Kinshasa ikiandika sharti katika leseni, nani atalisimamia hapa? Na wenye nguvu hapa wakiandika, nani wa nje atalitambua? Sina hamu ya kungoja siasa ijibu. Mlima haukuuliza 1977, 2002 wala 2021 nani anatawala. Ninachoona kinawezekana leo ni mkataba wa kiufundi, mbali na bendera: OVG, wenzake wa muda mrefu wa Ubelgiji na Luxembourg walioshirikiana nayo kujenga vituo vya matetemeko vinavyotuma data moja kwa moja, na kampuni yenye fibra. Data zenyewe hazina upande. Magma ikipita chini ya Goma inapita chini ya Gisenyi pia, na Rwanda ina haja nazo kama sisi.

Hilo linanileta kwenye ugumu wa kweli, ambao wapenzi wa teknolojia huuruka. Kuahidi nafasi ndani ya mtandao mmoja ni rahisi. Kutoka Goma mpaka Ulaya, data zinapita mikononi mwa kampuni kadhaa, na nyingi ya njia zetu zinapita nchi jirani kabla ya kufika baharini. Kila mmoja anatakiwa akubali, na yeyote kati yao anaweza kuiharibu ahadi ya wengine. Kwa hiyo tusianze kwa kudai njia kamili mpaka Brussels. Tuanze na kipande cha nyumbani: kutoka vituo vya mlimani mpaka OVG, na kutoka OVG mpaka mlango ambapo fibra inatoka mjini. Kipande hicho ndicho kilichokufa 2020. Mbele ya hapo ipo UbuntuNet, muungano wa mitandao ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na Kusini, ambamo Kongo inahesabiwa kwa mtandao wake wa Eb@le. Majirani wetu wa Uganda na Kenya wana mitandao yao ya vyuo, RENU na KENET, inayofanya kazi. Wetu tunausikia zaidi kwenye semina.

Na wizi wetu wenyewe tusiusahau. Njia ya intaneti haiwezi kupeleka data ya kituo ambacho paneli yake ya jua imeuzwa sokoni. Vituo vimepoteza betri na paneli kwa wezi na kwa watu wa silaha. Hilo halitibiwi na mkataba wa mtandao, linatibiwa na vijiji vinavyozunguka kituo vikijua kinawafanyia nini.

Mwisho wa pingamizi ni hili ambalo hakuna atakayelisema wazi: ulafi. Siku njia ya akiba itakapokuwepo, kabineti fulani itagundua ghafla kwamba nayo ni kituo cha utafiti. Mashirika yatafuata, kila moja na barua ya dharura. Dawa yake ni orodha fupi inayotangazwa hadharani: OVG, maabara za INRB, CRSN ya Lwiro, vyuo vikuu vyenye kazi inayoonekana. Kila aliyemo aseme anatuma nini na kwenda wapi. Na vipimo vya njia, saa kwa saa, viwekwe mahali ambapo mwandishi wa habari au mwanafunzi anaweza kuvisoma, ili tujue kama nafasi iliyoahidiwa ipo kweli, au kama imekuwa ya kupeleka filamu.

Mkataba huo hautakuwa mrefu. Uandike kilobiti ngapi ambazo hazikatwi kamwe, megabiti ngapi zinazoweza kuombwa na ndani ya dakika ngapi zinatolewa, na jina la mtu anayepigiwa simu saa tisa za usiku. Malipo ya miaka kadhaa yawekwe mapema mahali ambapo si OVG wala wizara inayoweza kuyagusa kwa jambo lingine. Na sharti moja litangulie mengine yote: fakture isipolipwa, kampuni inaandika deni na inaendelea kupitisha data.